Bi Povu na Vumbi la Jirani

Kuna watu wakiona jambo wasilolielewa hulipita, wakaenda zao, wakala, wakalala. Bi Povu hakuwa wa kundi hilo. Jambo asilolielewa lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka alitoe, wote waliokuwa karibu naye walikosa raha.

Jina lake la kweli lipo, lakini mtaani hata mwenye duka angekuna kichwa kwanza ndipo alikumbuke. Alikuwa dobi wa hoteli kwa miaka thelathini na mmoja. Mashuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza, makoti meupe ya wapishi, vyote vilipita mikononi mwake, na halikuwahi kutokea doa likamshinda akakubali kushindwa. Divai, damu, wino, grisi, hata rangi ya midomo kwenye foronya ya bwana aliyejiandikisha kuwa analala peke yake. Hiyo ya mwisho aliitoa akanyamaza, maana dobi mzuri ana mikono, hana mdomo. Wenzake wakamwita Bi Povu kwa heshima, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Ila kazi ile haikumwacha hivihivi. Miaka yote ya kuinamia pipa la dawa ya kung'arishia mashuka ilimla pua. Ilianza kidogokidogo: hakusikia harufu ya mkaa, kisha hakusikia ya sabuni yenyewe, hadi siku moja maziwa yakaungua jikoni yeye kasimama palepale anaimba. Daktari alimchungulia puani, akamwandikia matone, akamwambia ashukuru kwamba ni pua, si macho. Jamani! Mtu akikupa faraja ya namna hiyo unatamani umtie kwenye pipa umfue.

Alistaafu akiwa hasikii harufu ya kitu chochote chini ya jua. Chakula kikawa chumvi na moto tu. Akahamia na mdogo wake, mshona nguo, kwenye nyumba ndogo yenye bustani kwa nyuma, wakapanda mchicha, nyanya, vitunguu na maua mawili matatu ya kujionyesha. Na katikati ya bustani hiyo ulikuwepo mlimau walioukuta, umepandwa na mtu ambaye hakuacha maelezo.

Siku moja anapiga soga na mdogo wake chini ya mti ule, mkono ukachuma jani bila yeye kujua, vidole vikalifikicha, na harufu ikampanda puani. Harufu ya limau. Kali, mbichi, yenyewe hasa. Bi Povu alikaa chini kwenye udongo na gauni lake safi, akalia mpaka mdogo wake akadhani kaumwa na nge.

Basi udadisi ukaanza. Alinunua malimau sokoni, akayakata, akayanusa: hakuna kitu. Akajaribu ndimu, machungwa, tangawizi, mafuta ya taa, dawa ya viatu. Hakuna. Akaenda kuomba majani ya milimau ya watu mitaa miwili mbali, akayafikicha mbele ya wenyewe wanaomtazama kwa mashaka. Hakuna. Ni mti ule mmoja tu. Kwa nini? Hakuna aliyejua, na hilo lilimsumbua sana. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba malimau yake hayakuwa na mbegu. Alishakata mamia, ndani maji matupu na nyama, hata kokwa moja ya kusingiziwa hakuna. Maana yake, mti huo ukifa, huna cha kupanda. Na ukifa, pua ya Bi Povu imekufa nao, safari hii moja kwa moja.

Kwa hiyo kila asubuhi alichuma jani moja. Moja tu, kama mtu anayekunywa dawa kwa kipimo.

Mwaka wa tatu wa kustaafu kwake, jirani wa ukuta mmoja akaamua kujenga kwenda juu. Jirani mwenyewe ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana siku mbili na kupotea wiki mbili, mpole, na cheko lake linatoka tumboni. Alikuwa na watoto wanne kwenye vyumba viwili, na mtu wa hivyo akitaka ghorofa huwezi kumlaumu. Lakini ghorofa haishuki kutoka mbinguni. Kokoto zilikuja, na kwa kuwa upande wake hapakuwa na nafasi, zikamwagwa zikaegemea ukuta. Mvua ya kwanza iliponyesha, mistari mitatu ya juu ya matofali ikasalimu amri, na kokoto zikalala juu ya tuta zima la mchicha. Maji ya kuoshea makarai yakapenya chini ya ukuta, yakaacha ukoko mweupe kwenye nyanya, nyanya zikasinyaa. Halafu likaja vumbi. Kila mfuko wa simenti uliopasuliwa, upepo uliokota sehemu yake ukaileta kwa Bi Povu.

Alivumilia mchicha. Alivumilia na nyanya, maana nyanya zinauzwa sokoni. Lakini asubuhi moja alipochuma jani lake, alikuta limevaa ganda la kijivu, umande umelikandia vumbi likashika kweli, na alipolifikicha likamkwaruza vidole kama msasa. Harufu ilikuja kwa mbali, kama mtu anayeitika kutoka chumba cha nyuma.

Sasa hapo mwingine angemtafuta mtu wa kilimo akamuuliza. Bi Povu, mwenye kuuliza kila kitu, hapo ndipo hakuuliza. Aliona uchafu, na kuhusu uchafu, nani duniani alikuwa na la kumfundisha yeye? Alichemsha maji yakawa ya uvuguvugu, akatia sabuni, akatia kijiko cha magadi ya kufulia, akachukua sifongo na kigoda, akaanza kuuosha mlimau jani kwa jani, juu na chini, kama anavyoosha kola ya shati.

"Dada," mdogo wake akamwambia kutoka kwenye cherehani yake barazani, "ukimaliza mpake na mafuta, umvalishe soksi."

"Wewe shona. Vumbi la simenti likikaa linaua."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

Akaosha kila asubuhi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tawi moja tu lilimshinda: lile refu lililovuka ukuta likaning'inia upande wa jirani. Kwa kigoda hakulifikia, na kwenda kupiga hodi kwa mtu aliyemzikia mchicha wake hakutaka. Akaliacha na vumbi lake.

Mti ukaanza kugeuka. Majani yakawa manjano, kingo zikawa kahawia kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, yakaanza kudondoka. Bi Povu akaongeza kijiko cha magadi. Yakadondoka zaidi, akaongeza cha pili, na sifongo akaibadilisha kwa brashi laini. Alikuwa akiosha huku machozi yanamtoka, anaapiza ghorofa ya watu. Kufikia wiki ya sita alikuwa akichuma jani la asubuhi kwa kuchagua, na harufu ikija haiji, ikija haiji.

Siku ambayo hakupata hata jani moja lenye harufu, alipanda juu ya kigoda akapaza sauti mtaa mzima ukasikia.

"Jirani! Hebu njoo uione kazi yako!"

Bahati mbaya au nzuri, Dereva alikuwepo. Akasimama juu ya matofali, kichwa kikatokeza. "Shikamoo, Mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mti wangu unakufa!"

Dereva alitazama, uso ukamshuka. "Pole sana, Mama. Mchicha najua ni mimi, na kokoto nitazitoa, nilisema nitazitoa. Lakini mti..."

"Mti nini? Simenti imeuchoma! Na huyo fundi wako ndiye anayepasua mifuko upepo ukivuma. Muuaji!"

Fundi alikuwa nyuma ya Dereva, mtu wa makamo, mkimya, nywele zake zimeshakuwa kijivu kwa vumbi kabla ya uzee. Neno "muuaji" lilimfikia, akaacha kukoroga zege. Akasogea akautazama mlimau muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, samahani," alisema taratibu. "Simenti mimi naijua. Nimejenga kando ya miti mingi. Simenti huuchafua mti, huudumaza. Lakini kuunguza hivi, mpaka kileleni? Sijawahi kuona."

"Sasa umeona!"

"Na hilo tawi la huku kwetu, Mama," Dereva akaingilia, akidhani anabadilisha mada kwa amani, maskini, "Jumamosi tunasimamisha jukwaa la kupandia mafundi, limekaa palepale pa kusimamisha nguzo. Nilitaka kukuomba tulifunge kwa kamba..."

"Kata!" Bi Povu alifoka. "Kata, tupa! Sitaki hata jani langu moja likae kwako!"

Watu waliokuwa wamesimama njiani walisikia. Ulimi uliponza kichwa, wahenga hawakukosea, ila siku ile kichwa chenyewe kilikuwa bado hakijui.

Jioni hiyo hakula. Mdogo wake alidhani ni hasira, kumbe ni swali. Kwa nini mpaka kileleni? Vumbi zito hukaa chini na katikati, ukutani pale lilikuwa la kushika kwa kiganja. Kileleni lilikuwa kidogo tu. Mbona kilele nacho kimeungua sawasawa na chini? Maneno ya Fundi yalimkera kwa sababu moja: yalikuwa na akili ndani yake.

Ijumaa asubuhi akaenda sokoni akarudi na kabichi la zambarau.

"Tunapika?" mdogo wake akauliza.

"Tunapima."

Kabichi hilo lilikuwa na historia. Zamani kule hoteli, wageni walimwaga saladi ya kabichi la zambarau kwenye kitambaa cha meza, msichana mgeni kazini akakitia kwenye maji ya magadi, doa likageuka kijani. Msichana alipiga kelele akatoka mbio, anasema kitambaa kina mashetani. Wengine walicheka wakaendelea na kazi. Bi Povu alibaki baada ya zamu, akachemsha kabichi, akajaribu kila kitu kilichokuwa kwenye chumba cha kufulia. Akagundua: ukitia limau au siki, maji ya kabichi yanakuwa mekundu, ukitia magadi, sabuni kali au kitu chochote cha jamii hiyo, yanakwenda buluu, kisha kijani, na yakizidi sana yanaelekea manjano. Tangu hapo alijua namna ya kupima kama shuka limesuuzwa vizuri kabla halijamwasha mgeni mgongoni.

"Simenti ni ndugu yake magadi," alimweleza mdogo wake akikatakata kabichi. "Ukiishika ikiwa mbichi inateleza na inakula mikono. Basi imeshuka kwenye udongo wangu. Nitachota udongo kutoka ukutani mpaka kwenye mti, hatua kwa hatua, nipate njia yote simenti iliyopitia. Nampelekea Fundi vikombe, aone rangi mwenyewe, azibe mdomo wake."

Niseme ukweli: hapo hakuwa akitafuta ukweli, alikuwa akitafuta ushindi. Lakini udadisi una tabia mbaya, ukiufungulia mlango unaingia na ndugu zake wote.

Vikombe vinne vyeupe vilipangwa kwenye ukingo wa baraza. Cha kwanza, udongo wa chini ya ukuta. Cha pili, hatua moja kutoka ukutani. Cha tatu, hatua mbili. Cha nne, chini ya mlimau. Kila udongo aliukoroga na maji ya kunywa, akauacha utulie, akamimina yale maji safi ya juu, halafu akatia maji ya kabichi, vijiko viwiliviwili, asipendelee.

Cha ukutani kikawa buluu. "Unaona!" alisema.

Cha hatua moja, zambarau yenye kivuli cha buluu. Cha hatua mbili, zambarau tupu, kama yalivyotoka sufuriani.

Cha chini ya mlimau kikawa kijani.

Si buluu. Kijani cha majani ya mgomba, kikali, kinakutazama.

Bi Povu alishika kiuno. Mdogo wake aliacha cherehani, akaja akasimama pembeni, kwa mara ya kwanza hana utani.

"Dada. Huyu simenti karuka?"

"Nyamaza kwanza."

"Kaanzia ukutani, hapa katikati hayupo, halafu kule kwenye mti yupo zaidi ya alikotoka. Mwizi gani anaingia chumbani bila kupita sebuleni?"

Bi Povu aliosha vikombe akaanza upya. Alibadilisha vikombe, akabadilisha na kijiko. Alichota udongo upande wa pili wa mti, ule usiotazama kwa jirani kabisa. Kijani. Jua likazama, vikombe vimefika kumi na viwili barazani, na hadithi ni ileile: ukutani buluu, katikati zambarau, mtini kijani. Akaenda kulala na swali lake, na swali halikumpa nafasi kitandani.

Jumamosi alfajiri aliamka, akapasha maji moto, akachukua sabuni na magadi kwa ajili ya kuosha mti, kama kawaida yake. Mkono ulikuwa umeshachota kijiko cha tatu cha magadi. Ukasimama hewani.

Akarudisha kijiko. Kisha akabadilisha nia, akakitia kwenye beseni, akakoroga kama siku zote. Akachota kikombe kimoja cha maji hayo, akayapoza, akayamiminia maji ya kabichi yaliyobaki jana.

Yakawa kijani, na kijani hakikukaa, kikaelekea manjano.

Alikaa kwenye kigoda chake. Mdogo wake alitoka na kikombe cha chai, akaona kile kikombe kingine, akaona beseni, akaelewa yote bila kuambiwa. Alifungua kinywa. "Kikulacho..."

"Usimalize," Bi Povu alisema. "Nakuomba, mdogo wangu, leo usimalize."

Naye hakumalizia. Akamwekea chai karibu, akamshika bega.

Aibu ilimpanda Bi Povu mpaka masikioni, na chini ya aibu palikuwa na kitu kibaya zaidi. Siku arobaini na zaidi! Kila jani lililodondoka lilikuwa linamwambia acha, yeye akasikia ongeza. Miaka yote alikuwa akiwafundisha wasichana wa kazi: kufua ni nusu, kusuuza ndiyo kazi. Na mti hakuusuuza hata siku moja, maana nani anasuuza mti? Alikuwa ameupenda kwa mikono yake miwili mpaka ukaungua.

Ndipo akili ikamtuma ainue macho. Kama ni magadi, basi mahali magadi hayakufika pawe pazima. Akapanda kigoda, akatazama juu ya ukuta, akalifuata lile tawi refu mpaka linapoinamia kwa jirani. Lilikuwa chafu vibaya, limejaa ganda la kijivu. Na chini ya ganda, pale upepo ulipolikwangua, majani yalikuwa kijani kibichi, yamekakamaa, hayana hata kovu.

Lilikuwa tawi pekee lililo hai kwenye mti mzima. Na upande wa pili wa ukuta akasikia Fundi anasema, "Haya, tuanze na hili tawi, nipe msumeno."

Hakuwa amekimbia tangu astaafu. Alikimbia na kandambili, moja ikabaki mlangoni, akazunguka kona ya barabara, akaingia geti la jirani bila hodi, akapita kati ya mirunda ya jukwaa na ndoo, watu wanamkwepa.

"Usikate! Fundi, usikate!"

Fundi alikuwa juu ya ngazi, meno ya msumeno yamegusa gome. Alishusha mkono. Dereva akatokea ndani anafuta mdomo, chai imemkatikia.

"Mama, kuna nini tena? Si ulisema mwenyewe tukate? Watu wote walisikia."

Hapo ndipo ilipomlazimu. Angeweza kusema amebadili mawazo, na Dereva kwa upole wake angekubali, na hakuna ambaye angejua. Alifikiri hilo, nisimsingizie utakatifu. Lakini pale juu ya ngazi alikuwepo mtu ambaye yeye mwenyewe alimwita muuaji mbele ya mtaa, na mafundi wengine sita wamesimama na makoleo yao.

"Si simenti," alisema. Akawageukia wote. "Si simenti yenu. Ni mimi. Nimekuwa nikiuosha mti kwa magadi na sabuni kila asubuhi. Nimeuunguza mwenyewe. Fundi, nilikuita muuaji na ulikuwa unasema kweli. Nisamehe."

Kisha mmoja wa wale sita akashindwa, akacheka puani, "Kuosha mti kwa sabuni?" na wengine wakafuata, mabega yanatikisika. Acha wacheke, hata mimi ningecheka. Fundi hakucheka. Alishuka ngazi, akapangusa viganja kwenye suruali.

"Kwa nini uliuosha, Mama? Watu huacha tu."

Akawaeleza. Habari ya pua, habari ya pipa la dawa, habari ya mti usio na mbegu. Alipofika kwenye jani la kila asubuhi, kicheko kilikuwa kimekwisha. Dereva aliketi juu ya tofali akashika tama.

"Na mimi kokoto hizi," alisema. "Wiki ngapi nakuahidi."

Fundi alilivuta tawi chini, akachagua jani, akalisafisha kwa kidole gumba. "Baba yangu alikuwa akibebesha michungwa," alisema. "Unachukua jicho la mti unaoutaka, hili hapa, hiki kichipukizi kidogo kwenye kwapa la jani, unalivisha kwenye mche mwingine wenye mizizi mizuri. Likishika, mti unaoota ni uleule wa jicho. Mbegu haihusiki. Nilifanya hivyo mpaka nilipokimbilia ujenzi."

"Basi liache tawi, ulifanye hivyo taratibu."

"Mama." Fundi alimtazama sawasawa. "Shina lenu gome limeshabanduka. Tawi hili linaishi kwa akiba. Likibaki, baada ya wiki mbili litafuata wenzake, na macho yake yatakuwa yamekufa. Tukitaka mti, tulikate sasa."

Alikuwa amekimbia na kandambili moja kuja kulizuia. Alilishika tawi, akalipima kwa mkono kama anayepima shuka, akapumua. Kisha yeye mwenyewe akaushika mwisho mmoja ili lisianguke, Fundi akakata.

Dereva aliwasha lori lake asubuhi ileile, akarudi kabla ya saa sita na miche saba ya malimau ya mbegu yenye miiba, na magunia matatu ya udongo. Tawi lilimngoja limevishwa taulo mbichi, kazi ya Bi Povu hiyo, na hapo hakuna aliyemwelekeza. Fundi alinoa kisu kidogo kwenye tofali, akakata macho saba, akayavisha kwenye miche saba, akayafunga kwa vipande vya nailoni. Bi Povu alisimama nyuma yake akiuliza: kwa nini unakata mshazari? Kwa nini jicho huligusi kwa kidole? Litajuaje kwamba limehamia kwa watu? Fundi alijibu yote mpaka la mwisho, akasema hilo hata baba yake hakulijua.

Kokoto ziliondoka Jumatatu. Ukuta uliobomoka ulijengwa upya kabla ya ghorofa kuendelea. Bi Povu naye aliusuuza ule udongo wake kwa maji matupu, ndoo kwa ndoo, akapima kwa kabichi mpaka kikombe cha chini ya mti kikabaki zambarau. Mlimau wenyewe haukungoja. Ulikauka wote, wakaukata.

Wiki ya nne Fundi alifungua nailoni. Macho sita yalikuwa meusi. La saba lilikuwa kijani.

Fundi aliukata mche ule juu kidogo ya jicho, nguvu yote iende kwake, na tangu siku hiyo ulikaa barazani, kando ya cherehani, na Bi Povu alipita mbele yake mikono kaikunja nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Jani la kwanza likatoka, dogo kama ukucha. Mdogo wake akasema, "Linuse basi, tujue moja." Akasema hapana. Likatoka la pili, la tatu. Angeweza kulifikicha moja akajua, na lilimuuma kutojua kuliko jino, lakini majani matatu ni mapafu ya mti mzima. Labda harufu ipo. Labda ilibaki kwenye shina la zamani ikaenda na kuni. Kila asubuhi aliyahesabu, akaenda kunywa chai isiyo na harufu.

Nyumba ya Dereva ikaisha mwezi wa tano. Fundi alikuja kuaga, ametoka kupiga lipu ngazi ya mwisho, simenti imemkaukia mpaka kwenye viwiko.

"Majani kumi na moja," alisema akiinamia mche. "Amekua huyu. Harufu vipi, Mama?"

"Sijathubutu."

Fundi alimtazama, akatabasamu. Hakuchuma kitu. Alilipitisha jani moja katikati ya vidole viwili, polepole, mara tatu, kama anayepapasa kitambaa dukani, akaliacha likarudi mahali pake zima. Kisha akanyoosha ule mkono, mara akaona aibu, akataka kuurudisha.

"Samahani, Mama, ngoja niunawe kwanza. Unanuka simenti tupu."

Bi Povu aliudaka mkono ule kwa mikono yake miwili, akauinua mpaka puani, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka mdogo wake akasimamisha cherehani.

"Simenti siisikii," alisema. "Nasikia limau tu."